Chumba kimoja, majina matano: kwa nini maduka ya Barabara ya Lumumba hayatulii

Kwenye Barabara ya Lumumba hapa Kigoma, mkono wa kushoto ukiwa unapanda kutoka stesheni, kuna chumba ambacho nimekijua kwa majina matano. Nilipokuwa darasa la tatu kilikuwa studio ya picha. Humo ndimo nilimopigwa picha ya Idi, nimesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi na maporomoko ya maji, viatu vimenibana. Baadaye kikawa duka la kaseti. Spika mbili zilikaa mlangoni na rumba ya Kongo ikawafuata wapita njia hadi mbali. Kaseti zilipokufa, pakawa mahali pa kupiga simu kwa dakika, kisha stesheneri yenye mashine ya kutoa kopi. Leo kimegawanywa kwa ukuta wa mbao: mbele kuna wakala wa kutuma na kutoa pesa, nyuma kuna saluni ya kike. Mlango ni uleule. Kizingiti chake cha saruji kimelika katikati kwa nyayo za watu, na mvua ikinyesha maji hutuama pale, kama kiganja.

Ukikaa kijiweni na kuuliza kwa nini maduka yanabadilika hivi, utapewa majibu ya haraka. Wahindi waliondoka. Vijana wa siku hizi hawana subira ya biashara. Wenye mitaji kutoka mikoa mingine wameuchukua mji. Simu zimeua kila kitu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini chumba hiki kimebadilika mara nne huku duka la mchele, maharage na mawese, milango michache juu yake, likiwa vilevile tangu nikiwa mtoto. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na naamini jibu liko kwenye vitu viwili ambavyo mteja havioni: njia ambayo mzigo unafika mjini, na mwenye ukuta ni nani.

Tuanze na mzigo, kwa sababu ndio ulioizaa barabara yenyewe.

Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji, kilomita chache kusini. Ndiko misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilikoishia, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Pembe za ndovu, watumwa waliotolewa ng'ambo ya ziwa, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu, nguo na shanga: vyote vilipita pale. Kisha Wajerumani wakaleta reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na mwaka 1914 ikagota ziwani. Haikugota Ujiji. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni machache, ilhali ghuba ya Kigoma imekingwa na vilima na ina kina cha kutosha meli. Kwa hiyo stesheni ikajengwa Kigoma, na mbele ya stesheni ikachorwa njia ya kupanda mlima kuelekea mtaa wa Mwanga. Njia hiyo ndiyo leo inaitwa Lumumba.

Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Ujiji, hadi anafariki hakuwahi kusema "naenda Kigoma". Alisema "naenda stesheni". Kwa watu wa rika lake Kigoma ilikuwa hiyo tu: mahali ambapo gunia linashuka. Nadhani aliuelewa mji kuliko sisi tulioupa majina ya mitaa. Wafanyabiashara wa Ujiji hawakuhama kwa kuichoka Ujiji. Gunia lilikuwa linashushwa kwingine, nao wakalifuata.

Na gunia lile halikuwa la wana Kigoma peke yao. Wabelgiji waliishika Kigoma mwaka 1916 wakati wa vita. Waingereza walipoachiwa nchi, yakafanyika makubaliano mwaka 1921 yaliyowapa Wabelgiji sehemu yao bandarini Kigoma na nyingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ipite bila usumbufu. Tangu hapo barabara hii imekuwa na wateja wa aina mbili: wa mjini, na wa ng'ambo ya maji. Hadi leo saruji, unga na mafuta vinaondoka hapa kwenda Kalemie na Uvira nchini Kongo, na Bujumbura, na boti za Kibirizi, gati ya hapa mjini, huondoka zimejaa ndoo, magodoro na biskuti, zikarudi na vitenge. Ndiyo maana risasi zikilia Uvira, kuna maduka Lumumba ambayo siku hiyo hayauzi. Mgeni hawezi kuliona hilo kwa kusoma vibao.

Sasa zingatia umbo la majengo yenyewe, maana mzigo uliyachonga. Treni kutoka Dar es Salaam hadi hapa inakata zaidi ya kilomita 1,200. Behewa likikwama, mzigo unakaa njiani wiki, wakati mwingine zaidi. Mwenye duka wa zamani hakuweza kuagiza kidogokidogo. Aliagiza behewa au nusu behewa, akaweka, akauza hadi lingine lifike. Kwa hiyo maduka ya awali, mengi yakiwa ya Wahindi na Waarabu, yalijengwa marefu kwenda nyuma: mbele kaunta na rafu, katikati ghala, nyuma uani ambako familia iliishi. Mbele kabisa palikuwa na baraza pana yenye nguzo, kivuli cha wateja. Ukipita Lumumba leo, usitazame vibao vya rangi. Inua macho juu ya vibao, kwenye paa na nguzo, utaliona duka la behewa bado limesimama.

Hapa ndipo ukuta unapoingia.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki na kampuni kubwa za kuagiza bidhaa zikawa mali ya umma. Miaka minne baadaye, 1971, ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo: nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja zilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji ya Tanzania sheria hii iliwagusa zaidi wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na wengi wao waliondoka nchini katika miaka iliyofuata. Mwaka 1990 majengo ya Msajili yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa.

Watu husimulia habari hii kama kisa cha nani alifukuzwa na nani alifaidi. Mimi nataka utazame matokeo yake kwenye barabara kuu ya mji wowote wa nchi hii. Zamani mwenye duka na mwenye ukuta alikuwa mtu mmoja, na alilala nyuma ya kaunta yake. Baada ya 1971 wakawa watu wawili. Mwenye duka hana haki ya kubomoa na kujenga ghorofa. Mwenye ukuta hauzi sukari wala msumari, anachotaka ni kodi. Jengo likabaki lilivyo kwa miaka hamsini, kilichomo ndani kikawa kinabadilika. Ndiyo sababu barabara zetu kuu zina sura ya kizee na matumbo ya kijana.

Tena haki ya kukaa ndani ya jengo yenyewe ikageuka kuwa mali. Mpangaji aliyeingia zamani, kwa kodi ya zamani, mahali wanapopita watu wengi, hawezi kutoka mikono mitupu. Anayetaka kumrithi hulipa kilemba, yaani pesa ya kumtoa mtu, kabla hata hajaonana na mwenye nyumba. Mwingine hatoki kabisa: anamweka mtu ndani, mtu huyo naye anakata kipande na kumpa mwingine. Unaweza kumkuta dada wa saluni anayelipa kodi kwa mtu, ambaye naye analipa kwa mtu, ambaye ndiye mwenye mkataba.

Miaka ya Maduka ya Ushirika na ya kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, nitaipita upesi, ingawa wazee wanaweza kuisimulia hadi alfajiri. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchi nzima, na mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Marehemu baba alisimulia rafu zilizobaki na viberiti na dawa ya viatu peke yake, na foleni iliyoanza usiku kwa sababu ya fununu tu kwamba sukari imeshuka stesheni. Kigoma tulikuwa na ahueni moja, ziwa. Sabuni na vitenge vilivuka usiku kutoka Burundi na Zaire. Duka lilikuwa tupu mbele, na biashara ilikuwa uani. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, barabara ikajaa ghafla. Ikajaa mitumba pia.

Hapa naomba tusimame kidogo barazani, kwa fundi cherehani.

Mpango wa zamani ulikuwa hivi. Ndani ya duka kuna majora ya vitambaa. Nje barazani yuko fundi na cherehani ya miguu. Unanunua mita tatu ndani, unatoka, fundi anakupima palepale. Mwenye duka hamtozi fundi kodi, kwa sababu fundi ndiye anayemuuzia kitambaa. Fundi hamlipi mtu wa kumletea wateja, kwa sababu duka linamletea. Mitumba ilipoingia, suruali iliyoshonwa tayari ikawa rahisi kuliko kitambaa chake. Maduka ya majora yakaanza kufunga moja baada ya jingine, wakaja wengine ndani wauzao redio, kisha madawa, kisha simu. Lakini fundi hakuondoka barazani. Alibadili kazi akiwa ameketi palepale: akaacha kushona, akaanza kupunguza viuno vya suruali za mitumba, kubadili zipu, kukata pindo. Mmoja wao namfahamu tangu utoto. Amekaa mbele ya mlango mmoja na kuwaona wapangaji sita wakiingia na kutoka nyuma ya mgongo wake. Sasa analipa kitu kidogo kwa mwezi, kwa sababu baraza nayo imekuwa na bei.

Swali la msingi ni kwa nini baraza imekuwa na bei. Hili ndilo fundo ambalo wengi hawalifungui, na linafunguka ukiurudia mzigo.

Treni ilipoanza kusuasua, wafanyabiashara waligeukia malori. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli maeneo ya Kilosa, safari zikasimama kwa miezi. Aliyekuwa bado anategemea behewa alijifunza kwa maumivu. Miaka iliyofuata lami ikasogea, na katikati ya miaka ya 2010 likafunguliwa Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi. Fuso likawa linafika. Mabasi yakawa yanabeba vifurushi. Wakati huohuo simu zikaja na pesa ndani yake: kuanzia 2008 mtu aliweza kukaa Kigoma, akampigia mwenye mzigo Kariakoo, akamtumia pesa kwa simu, na siku chache baadaye akapokea katoni mbili stendi. Wenye jina zuri huchukua hata kwa mali kauli, wanalipa wakishauza.

Ukishaweza kuleta katoni mbili, ghala la nini?

Hapo ndipo lile duka refu la behewa lilipopoteza kazi yake. Nafasi ya katikati iliyowekwa magunia ikawa inakaa bure, na nafasi inayokaa bure kwenye barabara kuu ni pesa inayolala. Tuseme ukumbi wa upana wa mita sita ulikuwa unapangishwa kwa muuza mabati kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwenye mkataba akiugawa fremu nne, kila moja kwa shilingi 200,000, anapata 800,000. Namba hizi ni za mfano tu, ila hesabu za namna hii ndizo zinazopigwa kila siku. Mpangaji wa fremu moja sasa lazima apate karibu shilingi 6,700 kila siku ya Mungu kwa ajili ya kodi pekee, kabla ya umeme, leseni, kodi ya mapato na chakula chake. Muuza mabati hawezi: mali yake inakula nafasi na inatoka siku moja moja. Muuza kava za simu anaweza, kwa sababu mtaji wake wote unaning'inia ukutani na unazunguka kila saa. Famasi inaweza. Wakala anaweza kuliko wote, kwani bidhaa yake haina ujazo. Anahitaji meza, kiti, simu mbili na floti, yaani salio la kufanyia miamala.

Kwa hiyo barabara kuu inabaki na vitu vidogo vinavyotoka haraka, na vitu vikubwa vinasukumwa nje. Saruji, mabati, nondo na magodoro vimeelekea kule ambako lori linaweza kusimama bila kuziba njia: Gungu, barabara ya Ujiji, Mwandiga, na jirani na stendi ya mabasi ya Masanga. Mtu akisema hadiwea za Lumumba zimekufa, namjibu hazikufa, zimefuata nafasi ya kushushia mzigo, kama Ujiji ilivyofuata stesheni. Na lile duka la mchele na mawese nililolitaja mwanzo limebaki kwa sababu moja: ukuta ni wa familia ile yenyewe. Halilipi kodi ya mtu, kwa hiyo linaruhusiwa kuuza polepole. Sijaona duka la polepole Lumumba ambalo si la mwenye nyumba.

Kuna mawimbi yaliyokuja na kuondoka ambayo hayamo kwenye hesabu hizi. Vita vya Burundi baada ya Oktoba 1993 na vya Kongo kuanzia 1996 vilileta wakimbizi wengi mkoani, kambi zikafunguliwa Kasulu na Kibondo, na mashirika ya misaada yakaweka ofisi mjini Kigoma. Magari meupe yakajaa. Nyumba za kulala wageni, spea, stesheneri na maduka ya vinywaji yakaota. Wakimbizi wengi waliporudi kwao, ofisi zikapungua, na biashara zilizojengwa juu ya posho zikafungwa zikiwa na rangi mpya ukutani. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, wimbi likapanda kidogo. Mama mmoja aliyekuwa na mgahawa enzi zile aliniambia, "Mwanangu, mimi sikujua nauza kwa vita ya mtu. Nilidhani nimejua kupika." Alijua kupika. Nimekula kwake.

Jambo moja naliandika kwa uchungu. Tunawahukumu vijana vibaya. Kijana anaambiwa alipe kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, juu yake mwezi mmoja wa dalali, na wakati mwingine kilemba. Nusu ya mtaji wake inaishia kwenye ukuta ambao si wake kabla hajaleta hata katoni moja. Anafungua akiwa amekwisha kuchoka. Mkataba ukiisha na mzunguko haujakaa sawa, anafunga, mwingine anaingia na matumaini yaleyale, fundi rangi anaitwa. Tunaona kibao kipya kila mwaka tunasema hawana subira. Subira yao ameinunua mwenye fremu, kwa mkupuo. Na wanaoshindwa kabisa wanashuka barazani au wanatandaza chini. Vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kwa wamachinga kuanzia mwishoni mwa 2018 viliwapa pumzi, na mwaka 2021 wakaondolewa barabarani nchi nzima na kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Waliopelekwa mahali pasipopita mteja wamerudi mmoja mmoja. Wanarudi kwa sababu ileile iliyowaleta wafanyabiashara kutoka Ujiji.

Kitu ninachokikosa kwa kweli ni daftari. Mwenye duka aliyelala nyuma ya kaunta yake alitujua kwa majina. Mama akinituma sukari nusu kilo bila pesa, nilisema tu "mama amesema uandike", na akaandika. Aliweza kuandika kwa sababu hakuwa na mtu wa kumlipa kesho asubuhi. Mpangaji wa fremu hawezi kukuandikia, si kwa roho mbaya, ila anadaiwa karibu elfu saba kila jua likichomoza. Mikopo ile imehamia kwenye simu, na simu haijui mama ni nani.

Sasa reli mpya inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tayari kijiweni watu wanazungumzia viwanja zaidi ya treni yenyewe, na wana sababu. Kama mizigo itarudi kufika kwa mabehewa, maghala yatahitajika tena, ila ukumbi uliogawanywa fremu nne haurudi kuwa ghala kirahisi. Wapangaji wanne wana mikataba minne. Nadhani maghala yatajengwa upya kando ya mji, na Lumumba itaendelea kukatwa vipande vidogo zaidi.

Wiki iliyopita nilipita pale kwenye chumba cha majina matano. Dada wa saluni anahama. Fundi rangi alikuwa anakwangua ukuta wa nje, na chini ya rangi ya mtandao wa simu ikatokea ya bluu, chini ya bluu herufi mbili za neno KOPI, na chini kabisa kijani kilichopauka ambacho nilikitambua mara moja, kwa sababu kiko kwenye kona ya picha yangu ya Idi. Nilimuuliza fundi cherehani wa mlango wa pili, "Mzee, shikamoo. Anaingia nani sasa?"

"Marahaba. Wawili," akasema bila kuinua macho kwenye zipu. "Wanakigawa tena."